Sahihi ya Mama Verna

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe saba Agosti, mwaka elfu mbili ishirini na tatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mbele ya dirisha la mapokezi la zahanati moja mjini St. Louis. Delmar Cagle anaikumbuka saa kwa sababu alikuwa akiitazama ukutani, akipiga hesabu kwamba wakimaliza saa tano atafika nyumbani mchana mapema na kulala kidogo. Alikuwa ameendesha pikapu kwa muda wa saa tatu na nusu bila kusimama.

Karani, msichana mwenye kucha za kijani, alikuwa akiandika kwenye kompyuta. Ghafla akaacha.

"Verna Dowdy ni nani?"

"Mkwe wangu. Bibi yake mtoto."

"Umekuja naye?"

"Yuko kwake. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, bwana. Ila hapa inaonyesha yeye ni mlezi kwa amri ya mahakama, tena mwenye kauli ya matibabu. Tunahitaji sahihi yake pamoja na yako."

Delmar akacheka, maana alidhani ni kosa la mashine. "Mimi ndiye baba."

"Najua, bwana."

"Mama yake amekufa. Nimebaki mimi."

"Pole sana, bwana. Lakini amri ya mahakama hii hapa, na sahihi yako ipo chini yake."

Hapo akakumbuka. Delmar ni baharia wa mtoni, anafunga matishari ya mahindi na soya kwenye Mto Mississippi, siku ishirini na nane majini na kumi na nne nyumbani. Mkewe Tonya, binti ya Verna, alipofariki, mtoto hakuwa na wa kumpeleka shule wala kwa daktari baba akiwa mtoni. Verna akamwita mahakamani, karani wa pale akamwekea karatasi nne, na gari la kampuni lilikuwa nje likipiga honi. Delmar aliacha shule akiwa darasa la tisa. Karatasi hazisomi, anazipitia. Aliuliza, "Ni ya shule?" Verna akajibu, "Ya shule na hospitali." Akasaini zote nne, akakimbilia gari. Hakudanganywa. Na hilo ndilo lililomuuma, kwamba hakuwa na wa kumlaumu.

Daktari mwenyewe alitoka kuwaeleza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi siku zile. Sheria mpya ya Missouri, inayokataza kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe, inaanza tarehe ishirini na nane. Mtoto aliyeandikiwa dawa kabla ya siku hiyo ataendelea. Ambaye hajaandikiwa atangoja hadi afikishe miaka kumi na minane.

"Ana kumi na minne," Delmar alisema.

"Ndiyo."

"Miaka minne."

"Na balehe haitangoja, bwana Cagle. Nina nafasi moja tu imebaki, Alhamisi ya tarehe ishirini na nne, saa tatu na dakika arobaini. Njoo na bibi."

Maylee alikuwa amesimama nyuma ya baba yake muda wote huo, amevuta kofia ya sweta hadi kwenye nyusi, na nje kulikuwa na joto la kuchemsha yai. Vyeti vyake vinasema mvulana, jina Mason. Yeye amesema ni msichana tangu darasa la tano, alimwambia baba yake jikoni, miezi mitano baada ya mazishi ya mama yake, na Delmar alikaa kimya siku mbili kisha akauliza, "Sasa nikuite nani?" Halikuwa jibu la mtu aliyeelewa. Lilikuwa la mtu aliyekuwa na mtoto mmoja.

Tangu Juni sauti ya Maylee ilikuwa imeanza kukatika na kushuka, na yeye akaanza kuacha kusema. Wakirudi nyumbani walisimama kununua chakula bila kushuka garini. Akaandika kwenye simu anachotaka, akampa baba yake. Delmar akaikodolea macho, akaagiza.

"Nilisema bila kitunguu," Maylee alinong'ona baada ya kufungua mkate.

"Hukusema. Uliandika."

"Si ni sawasawa?"

"Kwangu si sawasawa hata kidogo, mama. Hebu kitoe, nipe mimi."

*

Verna Dowdy alikuwa amekaa barazani akimenya kunde, beseni mapajani. Ana miaka sabini na moja, na kwa thelathini na minne kati ya hiyo amewafundisha watoto wa kanisa lao la Kibaptisti kila Jumapili asubuhi. Nusu ya wanaume wa kaunti walijifunza habari za Nuhu kutoka kwake, akiwemo mbunge wao katika bunge la jimbo, Royce Hatley.

Delmar alisimama chini ya ngazi. Hakukaribishwa kupanda, naye hakupanda.

"Mama, nahitaji sahihi yako."

"Nimeshasikia. Zahanati walinipigia, na Mason naye."

"Maylee."

"Alipiga akanyamaza, akapumua tu kwenye simu. Nikajua ni yeye." Akatupa maganda kwenye ndoo. "Delmar, ulinikabidhi mtoto wa kiume, ukaenda mtoni siku ishirini na nane. Umerudi unaniambia ni wa kike. Unataka nishike kalamu niseme amina?"

"Sikusema mimi. Alisema mwenyewe."

"Ana miaka kumi na minne. Wewe wa kumi na minne ulitaka nini?"

"Pikipiki."

"Ulipewa?"

"Hapana."

"Basi."

"Lakini pikipiki haikuwa ikiota mwilini mwangu, mama."

Verna aliinua macho, akamtazama, akarudi kwenye kunde. Alikuwa akimkubali Delmar katika mambo mawili: hanywi, na hakumpiga Tonya hata siku moja. Zaidi ya hapo alimhesabu kuwa mtu anayesaini chochote.

"Mahakama iliniweka pale ili nitazame. Siwezi kutia sahihi kwenye jambo nisiloliamini."

"Basi jitoe. Niachie mwenyewe."

"Kujitoa nako ni kusaini."

Delmar alikwishaulizia. Mwanasheria wa mjini alisema kumwondoa kwa amri ya mahakama ni siku sitini, kama jaji hayuko likizo. Alibaki amesimama pale chini, kofia mkononi, mtu wa miaka hamsini na moja anayeweza kufunga matishari kumi na tano kwa nyaya katikati ya mafuriko. Nzi mmoja akawa anamzunguka sikio.

"Anaacha kusema, mama," akasema mwishowe. "Ameacha kuimba, ameacha simu. Atamaliza maneno yote, kisha sijui ataacha nini."

Mkono wa Verna ulisimama ndani ya beseni. Halafu ukaendelea.

"Jumamosi Royce atakuwa kwenye samaki wa zimamoto," akasema. "Yeye ndiye aliyeitunga hiyo sheria. Nitamuuliza. Akiniambia hakuna njia ya haki, basi hakuna."

*

Kila Agosti kikosi cha zimamoto hukaanga kambare ili kununua mipira ya maji, na kila Agosti Royce Hatley huvaa aproni, hushika upawa, na hupigwa picha. Mwaka ule aproni ilikuwa na jina lake. Watu walipanga foleni na sahani za karatasi, kachumbari ya kabichi pembeni, mkate wa mahindi wa duara uliokaangwa, chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Maylee alibaki nyumbani.

"Mama Verna!" Royce akapaza sauti. "Mwalimu wangu! Leta sahani nikuwekee kipande kinono."

"Sijaja kula, Royce. Nimekuja kuuliza."

"Uliza huku unakula. Hapa hatutozi maswali."

Watu wakacheka. Verna hakucheka. Delmar alikuwa nyuma yake na sahani tupu.

"Ile sheria ya watoto na madaktari. Uliipigia kura?"

"Niliipigia kura, nikaitetea, nikatukanwa kwa barua mia mbili kutoka Kansas City. Nimezitunza zote."

"Kwa sababu jambo lenyewe ni baya."

"Baya sana, mama. Mtoto hajui anachotaka."

"Basi mbona mmeandika kwamba walioanza kabla ya tarehe ishirini na nane waendelee?"

Royce aligeuza samaki. Mafuta yakalia. "Ah, hiyo. Wale wa upande wa pili walisimama wakahutubia mchana kutwa, wakatuzuilia kazi zote. Watu walitaka kurudi makwao, ilikuwa karibu na likizo. Tukawaachia hicho kipande."

"Mliwaachia."

"Ndiyo siasa, Mama Verna. Unatoa hiki, unapata kile."

"Kwa hiyo ni dhambi kuanzia Jumatatu. Jumapili yake si dhambi."

Kwenye foleni mtu mmoja alicheka peke yake, akagundua yuko peke yake, akakohoa.

Royce sasa akamwona Delmar. Akashusha sauti, akaegemea meza. "Delmar. Pole na yote. Kijana wako hajambo?"

"Binti yangu hajambo."

"Sawa, sawa. Sikiliza, ndugu yangu. Tulipokuwa tunaandika ile sheria hatukuwa tunamfikiria wako. Tulikuwa tunawafikiria wale wa mjini."

"Lakini mliyempata ni wangu."

"Hakuna aliyemlenga."

"Na hospitali ya hapa mlipoiacha ifungwe, mlikuwa mnamfikiria nani?" Delmar alishangaa kusikia sauti yake imepanda. Tonya alipigwa kiharusi jikoni akasafirishwa kwa gari la wagonjwa dakika tisini hadi Memphis, wakati hospitali ya kaunti iko mwendo wa dakika sita, ina vitanda arobaini, na mlangoni ina kufuli. "Mlikaa miezi mitano mnabishana juu ya mwanangu. Juu ya hospitali mlikaa dakika ngapi?"

"Hospitali ni mambo ya hesabu, Delmar."

"Foleni, jamani!" mzee mmoja akaita nyuma. "Samaki anapoa!"

Royce akamwekea Delmar vipande viwili, kisha akaongeza cha tatu, kwa ukarimu, mbele ya watu wote. Delmar hakujua afanye nini navyo. Alivibeba hadi garini akamkuta Verna amekwisha kuketi, mkoba kwenye magoti, anatazama mbele.

Walikuwa wamelipita ghala la pamba.

"Nilimfundisha amri kumi yule," Verna akasema. "Kila mara alikuwa akiiruka ya tisa, ile ya kutosema uongo." Akamgeukia Delmar. "Alhamisi ile unaondoka saa ngapi?"

*

Alhamisi Verna alitoka amevaa kofia ya kanisani. Walikaa watatu kwenye kiti kimoja cha mbele, Maylee katikati, goti lake likigonga gia. Nje mashamba ya mpunga yalikuwa yanakaribia kukauka.

"Unaumwa wapi?" bibi akauliza walipofika barabara kuu.

"Siumwi, bibi."

"Sasa hospitali tunakwenda kufanya nini?"

Maylee alitia mkono mfukoni. Delmar akadhani atatoa simu aandike.

"Naogopa kuamka," akasema. "Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, najisikilizia kama kuna kilichobadilika tena. Sauti, au ndevu, au kitu. Halafu ndipo naamka."

"Kila siku?"

"Kila siku, bibi."

Verna akafungua mkoba, akatoa pipi ya mnanaa, akaivunja kwa meno, akampa nusu. Delmar, ambaye amewaona watu wakibadili nia, hakuona chochote cha namna hiyo usoni mwake.

Dirishani karani wa kucha za kijani aliwapa fomu. Verna aliisoma yote, kurasa sita, akilowesha kidole kila anapofunua, na nyuma yao watu wakangoja. Kisha akagonga kioo.

"Binti, pa kuandika maoni ni wapi?"

"Maoni gani, mama?"

"Nataka iandikwe kwamba nasaini lakini sikubaliani."

"Hapana sehemu hiyo, mama. Kuna kukubali na kukataa tu."

"Nani aliyeitunga hii?"

"Wanasheria."

"Ndiyo maana."

Alishika kalamu juu ya mstari. Delmar alikuwa akitazama mishipa ya mkono ule. Ni mkono huo uliosaini Memphis, karatasi ya kuzima mashine ya Tonya, wakati yeye Delmar yuko mtoni chini ya Vicksburg na simu haishiki. Hawajawahi kulizungumza. Yeye hajauliza alisimama wapi, wala kama alisoma kurasa zote.

"Ile nyingine pia haikuwa na pa kuandika maoni," Verna akasema, bila kumwelekea mtu yeyote. Akasaini jina lote, Verna Louise Dowdy, kwa mwandiko wa ubaoni.

Daktari aliandika dawa siku hiyo hiyo, tarehe ishirini na nne Agosti, siku nne kabla ya mlango kufungwa. Sindano yenyewe ingeagizwa kupitia bima, wiki tatu au nne. Waje tarehe kumi na tisa Septemba. Wakati wa kurudi Maylee aliomba redio iwashwe. Akaimba beti mbili za wimbo kwa sauti ya chini, akaacha, akaimba tena.

*

Verna hakujua kuficha jambo. Jumatano iliyofuata, kwenye maombi, alisimama akasema alichokisaini na kwamba bado hakipendi. Alidhani akisema mwenyewe yataisha. Mchungaji alimpigia Ijumaa, kwa upole mwingi, akamwambia kanisa linaona inafaa apumzike kidogo kufundisha watoto. Apumzike mpaka lini, hakusema. Jumapili jioni Delmar alimsaidia kubeba boksi la picha za kitambaa, Nuhu na wanyama wake, kulitoa darasani hadi kwenye pikapu. Wanawake wawili waliokuwa wakifagia walisema, "Mungu akubariki, Dada Verna," kwa namna ile inayosemwa kwa mtu anayehama.

Barua ilifika Jumanne, tarehe kumi na mbili Septemba. Delmar, aliyekuwa ameruka zamu nzima bila malipo tangu Agosti, alikuwa na siku tatu kabla ya kurudi mtoni. Aliusoma mstari wa kwanza mara mbili, akavaa kofia, akampelekea Verna, na Maylee akafuata. Walikaa meza ya jikoni. Verna akaisoma kwa sauti ya darasani.

Zahanati ilisikitika. Sheria mpya, barua ilisema, inaruhusu mgonjwa kumshtaki daktari kwa miaka mingi baadaye, na kampuni za bima hazitawakinga madaktari dhidi ya kesi za namna hiyo. Kwa hiyo zahanati imeamua kuacha kuwaandikia dawa hizi watoto wote, pamoja na wale ambao sheria inawaruhusu kuendelea. Miadi yote imefutwa. Kulikuwa na orodha ya zahanati za majimbo mengine.

Delmar alipiga simu ya kwanza, zahanati ya ng'ambo ya mto, Illinois. Kadi ya bima ya jimbo la Missouri haifanyi kazi kule. Kwa fedha taslimu, sindano moja ni dola elfu nne na mia mbili, bila ada ya daktari, na nafasi ya kwanza ni Februari. Akasema asante. Akapiga ya pili, St. Louis, akapokelewa na sauti aliyoitambua, yule wa kucha za kijani.

"Lakini sisi tuliwahi," akamwambia. "Tarehe ishirini na nne. Uliona mwenyewe."

"Nakumbuka, bwana Cagle. Bibi mwenye kofia."

"Sasa mbona?"

"Si sisi, bwana. Ni sheria."

"Sheria inaturuhusu."

"Ndiyo, bwana." Akasikika kama anasoma mahali. "Naelewa."

Delmar akakata simu. Maylee alikuwa amekaa ameuma ukingo wa mkono wa sweta. Hakulia. Aliuliza tu kama kufikia Februari atakuwa ameshachelewa, na baba yake akasema hajui, kwa sababu hakujua.

Verna aliikunja barua, akaikunjua, akasogeza simu ya mezani kwake. Namba ya Royce aliijua kichwani. Alikuwa akimpigia kila siku ya kuzaliwa tangu akiwa na miaka sita. Akabonyeza kitufe cha kupaza sauti ili wote wasikie.

"Mama Verna! Umeniwahi, naingia mkutanoni."

"Kaa chini, Royce. Nakusomea barua." Akamsomea yote, tangu salamu.

"Aa," Royce akasema. "Hiyo si sisi, mama. Soma sheria. Wako anaruhusiwa, tulimwachia nafasi yake. Hao ni madaktari wanajitia woga."

"Wanasema wanaogopa sheria yako."

"Hiyo shauri yao. Sheria haikumkataza mtoto."

"Daktari naye anasema hakumkataza. Alimwandikia dawa, karatasi ninayo. Bima wanasema hawakukataza, hawatamkinga daktari tu. Baba yake hakukataza. Mimi niliyekuwa na sababu ya kukataza, nilisaini, na nimepumzishwa kwa ajili hiyo." Alikuwa akihesabu kwa vidole, kama anavyowahesabia watoto siku za uumbaji. Kilibaki kidole kimoja. "Yuko hapa mezani, anakusikia. Basi mwambie wewe, Royce, kwa jina. Nani amemkataza?"